Klorini ya Garissa Huishia Wapi?

Mto Tana ukifika Garissa huwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyewahi kuyaona mabwawa matano ya huko juu, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ana haki ya kushangaa, kwa sababu mabwawa hayo hunasa tope jingi sana. Lakini chini ya Kiambere mto hupokea mito mingine kutoka mashariki ya Mlima Kenya, Mutonga na Kathita ikiwemo, kisha huingia tambarare na kuanza kula kingo zake wenyewe. Tope lililobaki bwawani hulipwa upya njiani. Hayo ndiyo maji ambayo GAWASCO, kampuni ya maji ya Garissa, inapaswa kuyageuza yanyweke.

Kazi kubwa ya kiwanda kinachovuta maji ya mto wa namna hii hufanywa na shabu, ileile inayouzwa dukani kwa vipande vyeupe. Chembe za udongo majini zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea siku nyingi bila kutua. Shabu huiondoa ile chaji, chembe zikashikana kuwa madonge, na madonge yakazama. Kinachobaki juu hupitishwa kwenye chujio la mchanga. Ugumu ni kujua utie kiasi gani. Ikiwa kidogo, madonge hayajengeki. Ikizidi, maji hugeuka kuwa na asidi na alumini ya ziada husafiri hadi bombani. Hakuna kiasi cha kudumu cha kuandikwa ukutani. Fundi hujaza maji ya mto katika vyombo kadhaa, hutia kila kimoja kipimo chake, hukoroga kwa kasi, kisha taratibu, halafu huacha yatulie aone kipi kimetakata. Mvua ikinyesha nyanda za juu, jibu la jana halifai tena.

Klorini huja mwisho, na ufanisi wake hutegemea yote yaliyotangulia. Inahitaji angalau dakika 30 ndani ya maji kabla hayajatoka, pH isiyozidi 8, na ukungu usiopita NTU 5 (NTU ni kizio cha ukungu wa maji), ingawa chini ya 1 ndiko inakofanya kazi vizuri. Tope huila klorini, na pia huwaficha vijidudu ndani ya chembe zake. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia "tumeongeza dawa" wakati maji bado yana rangi.

Mafuriko huleta mtihani ambao hauna jibu zuri. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilivunja kingo na kuzifikia bula, yaani mitaa, za karibu na mto. Tope likizidi hivyo, mwendeshaji ana njia mbili: apunguze kasi ili chujio liwahi kufanya kazi yake, au aendelee na kasi ileile na kukubali maji mabaya zaidi. Akipunguza, mabomba ya pembezoni hukauka, na watu wa huko hununua maji ya mkokoteni wa punda yaliyotekwa mtoni moja kwa moja. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kutoa maji safi kabisa huku mji kwa jumla ukinywa maji machafu kuliko wiki iliyopita. Ripoti inayopima maji ya kiwandani peke yake haiwezi kuliona jambo hilo.

Na hata siku za kawaida, kiwandani si mahali pa kumalizia hesabu. Lengo linalotajwa mara nyingi ni klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita bombani. Garissa ni mji wa nyuzi 35 na zaidi, na joto huharakisha kupotea kwa klorini. Maji ya mgao huongeza balaa: presha ikishuka, bomba lenye ufa hufyonza maji ya ardhini, pamoja na yale yaliyopita karibu na mashimo ya vyoo. Kisha kuna mtungi wa lita 20. Mdomo wake mwembamba ni kinga nzuri, mkono hauingii, lakini kwa sababu hiyohiyo hausuguliki ndani. Utando hujijenga ukutani na kuila klorini iliyosalia usiku kucha.

Dadaab ilitoa ushahidi wake kwa gharama kubwa. Kambi za wakimbizi za huko hunywa maji ya visima virefu, meupe, hayana tope la Tana, na hutiwa klorini. Hata hivyo kipindupindu kilianza huko Novemba 2015, kikadumu hadi Juni 2016, na wagonjwa walipita 1,700. Uchunguzi ulipofanywa, vyombo vichafu vya kuhifadhia maji nyumbani vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ugonjwa.

Maoni yangu ni kwamba kipimo cha klorini kianzie kikombeni na kurudi nyuma. Chukua mtungi uliojazwa asubuhi, upime jioni kwa kile kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, fanya hivyo katika nyumba za bula mbalimbali, ndipo uamue kiwandani watie ngapi. Kuna ukomo, bila shaka. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 5 kwa lita, lakini watu wengi huanza kulalamika harufu chini sana ya hapo, na anayechukia harufu ana mto karibu. Huenda mji ukahitaji kipimo kimoja msimu wa joto kali na kingine msimu wa mvua.

Kikwazo kiko ofisini. Kampuni ya maji hupewa leseni na kusimamiwa na WASREB, mdhibiti wa huduma za maji nchini. Afya ya umma ni kazi ya kaunti. Mkokoteni wa punda na mtungi wa jikoni imekaa katikati. Ningependa kuona daftari la zamu kiwandani likiongezewa safu moja tu, ya klorini iliyopimwa jioni mitungini, inayojazwa na afisa wa afya wa wadi na kusomwa kesho yake asubuhi na fundi anayefungua vali ya dawa.