Mpira Mmoja Mwekundu

Kabla mtoto hajaingia, mtaalamu wa tiba kwa vitendo anakipunguza chumba. Picha za wanyama zilizobandikwa ukutani anazibandua. Pazia la upande wa jua analivuta. Amevaa blauzi nyeusi isiyo na urembo wowote, na bangili na hereni amezivua, zisije zikayateka macho anayoyahitaji. Mezani anasimamisha ubao uliofunikwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Mbele yake ataweka kitu kimoja tu.

Mtoto ana miaka 3 na ana utindio wa ubongo. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa wengine chanzo huwa homa ya uti wa mgongo, malaria kali au manjano iliyochelewa kutibiwa. Macho yake ni mazima: ukimmulika kwa tochi, mboni husinyaa kama inavyopaswa. Kilichoumia ni sehemu za ubongo zinazopokea taarifa za macho na kuzipa maana. Watoto wa namna hii huitwa vipofu, au husemwa hawana akili, na yote mawili huweza kuwa si kweli.

Kinachofuata ni kumkalisha, na hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Shingo inayoyumba hula nguvu zote za mtoto, asibakiwe na za kutazamia. Mtaalamu anaviringisha taulo na kuliweka ubavuni, analitoa, analikunja upya, anashusha kiti mpaka nyayo ziguse sakafu. Haendelei hadi mabega ya mtoto yalegee.

Ndipo anatoa mpira mwekundu. Anaushika sentimita 40 hivi kutoka usoni, pembeni kidogo, kwa kuwa watoto wengi wa aina hii huona kwa upande kabla ya kuona mbele. Anautikisa polepole, kisha anautuliza. Mama anataka kusema, "Tazama, mwanangu!" lakini anaombwa kwa ishara anyamaze. Sauti ikiingia, ubongo huu huacha kuona ili usikilize.

Kimya. Macho ya mtoto yanapanda kwenye mwanga wa pazia, yanazubaa huko. Mtaalamu hayafuati kwa mpira. Mkono wake hautetemeki wala hausogei. Mtu mwingine angekuwa amekwisha badilisha mchezo mara tatu, na kila badiliko lingemrudisha mtoto mwanzo kabisa. Hatimaye macho yanashuka, yanapita kando ya mpira, yanarudi, yanatua. Mtaalamu hashangilii, anamwacha atazame mpaka ashibe.

Kisha mkono wa mtoto unanyooka, na papo hapo uso unageukia pembeni. Ungedhani mpira umemchosha. La: kutazama na kushika kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa mno, basi anafanya kimoja baada ya kingine. Mtaalamu anausogeza mpira mpaka uguse vidole, halafu anaandika daftarini: upande gani, umbali gani, alichelewa kiasi gani.

Kupima uoni wa mtoto, mtaalamu anatumia vibao vya Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland: kimoja cha kijivu, kingine cha mistari. Jicho likielekea kwenye mistari, analeta myembamba zaidi. Mtoto hahitaji kusema neno.

Kazi hii haiponyi ubongo, na mtaalamu huyu haahidi hivyo. Wala haifanani na mazoezi ya macho yanayouzwa kwa wazazi wa watoto wanaoshindwa kusoma. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho Marekani vilitamka kwamba ushahidi hauungi mkono tiba hiyo kwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Hapa lengo ni dogo na la kweli: mtoto autumie uoni alionao, kila siku, nyumbani.

Kwa hiyo mama anapewa kijiko chenye mpini mwekundu na kitambaa cheusi cha kutandika chini ya bakuli la uji. Anajaribu palepale, anakipeleka kijiko moja kwa moja mdomoni.

"Taratibu, mama. Kwanza akione."

Anakishusha, anaanza upya.