Kiswahili cha Lawino ni cha Nani?

Kwenye kilima cha Nakasero hapa Kampala lipo Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 kituo cha utamaduni chenye jumba hilo kiliwahi kuongozwa na Okot p'Bitek. Likitajwa jina lake darasani, linalofuata ni la Lawino, na Lawino ndiye aliyetufichulia kasoro yetu katika kutaja vyanzo.

Tumesahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi ananukuu beti za Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili, kisha anaandika kwenye mabano: Okot p'Bitek (1975). Halafu anausifu uteuzi wa maneno wa Okot, takriri zake na ukali wa lugha yake. Okot hakuyaandika maneno hayo. Alitunga kwa Kiacholi. Kiingereza chake kilitoka mwaka 1966, na Wer pa Lawino ikachapishwa 1969. Kiswahili cha 1975 ni cha Paul Sozigwa, mtangazaji wa Tanzania. Mwanafunzi amemsifu mtu mmoja kwa jasho la mwingine. Tukisema kweli, hakuizua tabia hiyo: hata orodha za vitabu tulizowagawia sisi walimu zilimwacha Sozigwa nje.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni dogo, maana hadithi ni ile ile. Hatukubali. Mwaka 2001 Taban lo Liyong alitoa The Defence of Lawino, tafsiri mpya ya Kiingereza kutoka Kiacholi, ingawa ile ya Okot mwenyewe ilikuwapo tayari. Kama matini mbili za Kiingereza zinatofautiana hivyo, seuze ya Kiswahili? Anayejadili dhamira anaweza kumtaja Okot akaeleweka. Anayejadili msamiati, mizani au mtindo bila kumtaja Sozigwa hajui anamhakiki nani.

Kasoro hii huzidi tunapoingia katika fasihi simulizi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Diwani yake ikatolewa na William Hichens mwaka 1940. Katika karne hiyo nzima mashairi yalikuwa wapi? Mengi yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua, ambaye kwake W. E. Taylor aliyapata. Anayeandika "Hichens (1940)" akaishia hapo amemtaja mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na kumfuta yule aliyeubeba. Vivyo hivyo mwanafunzi anayerekodi ngano kijijini, akanywa na chai ya wenyeji, kisha akaandika "masimulizi" tu. Bibi aliyesimulia, akiridhia, atajwe kwa jina, mahali na tarehe.

Nyimbo zina ugumu wake. Malaika ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ukaenezwa duniani na Miriam Makeba. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba aliutunga Nairobi mwaka 1945. Hapa hatumtaki mwanafunzi awe hakimu. Ataje alisikiliza sauti ya nani, ya mwaka gani, kisha aseme wazi kwamba utunzi unabishaniwa. Kuandika "wimbo wa jadi" kwa sababu ya uvivu ni kuwanyima wote.

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mtunzi haki ya kutajwa kila kazi yake inapotumiwa, pale inapowezekana. Lakini sisi hatumfundishi mwanafunzi kuogopa mahakama. Tunataka msomaji wa insha aweze kurudi alikopita mwandishi.

Orodha ya muhula huu tumeisahihisha, na Sozigwa yumo. Bado tunabishana juu ya jukwaa. Mwigizaji pale Nakasero akiongeza neno lake mwenyewe, hadhira ikaangua kicheko, na mwanafunzi akalinukuu, neno hilo liandikwe kwa jina la mwandishi wa tamthilia, la mwelekezi, au la mwigizaji? Wengi wetu tunasema la mwigizaji, na usiku wa onyesho utajwe.