Mwongozo mzuri, ila umeme ukikatika je?

Mwongozo wa kimataifa wa 2018 kuhusu Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, una onyo la maana: usitegemee oksijeni peke yake. Misuli ya kupumua ikichoka, hewa ukaa hubaki mwilini. Ukiwa umewekewa oksijeni, kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma 97 huku unazidi kusinzia. Hapo hatuna ubishi.

Tatizo ni kwamba umeandikwa kwa mazingira ya umeme wa uhakika na ambulansi iliyo karibu. Sasa wewe uko Ngaramtoni, usiku, umeme hakuna, na gari la kukufikisha Hospitali ya Mount Meru bado linatafutwa. Mashine ya kupumulia ikiisha chaji, unafanyaje?

Copenhagen, 1952, wakati wa mlipuko wa polio, wanafunzi walipokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana. Mwaka 1956 ukaja mfuko wa Ambu, unaojijaza wenyewe. Hautaki umeme.

Mwongozo wa kwetu ungeanzia hapo: mfuko na barakoa yake nyumbani, ndugu wawili waliofundishwa na mtaalamu kuutumia, na karatasi yenye onyo lile la oksijeni, tayari kumkabidhi daktari wa zamu.