Mguu Unaosoma Breki

Dereva akifika gereji akalalamika kwamba breki zimelegea, fundi aliyeiva hakimbilii spana. Anauliza kwanza. Pedali inaingia mpaka chini kila mara, au mara ya kwanza tu? Ukiipampu mara mbili tatu inapanda? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Na gari likiwa la umeme, lipo swali ambalo miaka kumi na mitano iliyopita hakuna fundi wa Majengo, Nairobi, aliyekuwa na sababu ya kuliuliza: betri ilikuwa imejaa?

Si swali la kupoteza muda. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa njia mbili. Dereva akiondoa mguu kwenye eksileta au akigusa breki kidogo, mota hugeuka jenereta, ikayazuia magurudumu huku ikirudisha umeme kwenye betri. Pedi na diski huingia kazini zinapohitajika zaidi. Betri ikijaa, umeme huo hauna pa kwenda, basi kompyuta huipunguzia mota kazi na mzigo unabaki kwa pedi. Mwenye gari aliyechaji usiku kucha anaweza kutoka asubuhi akahisi gari haliitikii mguu kama jana, na kumbe breki ni nzima. Fundi asiyejua hilo atafungua magurudumu yote manne bure, na bili itamwangukia mteja.

Ustadi wa kazi hii ndio huo: kukataa kununua spea kabla chanzo hakijajulikana.

Majengo ni mahali pazuri pa kuuwazia ustadi wa namna hiyo. Mtaa huu wa Pumwani ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakoloni walipotenga eneo la Waafrika, na wenyeji wakajijengea nyumba za Kiswahili kwa mikono yao. Jirani kuna Gikomba, na Kamukunji ambako nyundo za jua kali zinageuza mabati kuwa masanduku na majiko. Ukisogea kidogo kuelekea mjini unafika Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, barabara ya spea na mafundi wa magari. Breki za mafuta nazo ni za rika moja na mtaa: mwaka 1921 huko Marekani, Duesenberg Model A ilitoka na breki za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne, kwa ubunifu wa Malcolm Loughead. Miaka mia na ushei baadaye, chini ya kompyuta na nyaya zote za gari la umeme, bado kuna mafuta ndani ya paipu yanayosukuma pistoni.

Mafuta hayabanwi yakapungua; hewa hubanwa. Ndiyo maana povu dogo tu ndani ya paipu linatosha kuila nguvu ya mguu, na dereva anahisi anakanyaga godoro. Zaidi ya hapo, mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikiingiwa na maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa vilevile kama hewa. Wenye magari ya umeme hujidanganya hapa: kwa kuwa mota inabeba kazi kubwa na pedi haziishi upesi, wanadhani breki hazihitaji kuangaliwa. Lakini mafuta yanazeeshwa na miaka hata gari likitembea kidogo, na pini za kalipa zisizofanya kazi mara kwa mara hushika kutu zikakwama. Magari mengi ya aina hii yanatoka Japani yakiwa yametumika, na Kenya inaruhusu yenye umri usiozidi miaka minane. Nissan Leaf, ambayo kampuni ya teksi ya NopeaRide ilianza nayo Nairobi mwaka 2018, inaweza kuwasili na mafuta ambayo hayajaguswa tangu kiwandani.

Sasa mguu uingie kazini. Fundi anakanyaga na kushikilia bila kulegeza. Pedali ikizama polepole, anashuku raba za masta silinda zinapitisha mafuta ndani, au kuna mahali panavuja. Anachukua tochi na kupapasa nyuma ya kila gurudumu akitafuta unyevu. Ikipanda akiipampu, anashuku hewa, au pedi zilizosogea mbali na diski. Ikiwa ngumu kama ukuta, hilo ni jambo jingine kabisa, ni la busta. Gari la petroli husaidiwa na mvuto wa injini. La umeme halina injini, hivyo busta yake huendeshwa kwa umeme. Mwaka 2016 Nissan iliziita Leaf za 2013 hadi 2015 zirudishwe kurekebishwa huko Amerika Kaskazini kwa sababu relei ndani ya busta ingeweza kuganda kwenye baridi kali, na dereva akalazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi zaidi.

Hewa ikithibitika, kazi inataka watu wawili. Kijana ndani ya gari, fundi chini na chupa yenye mafuta kidogo na mpira mwangavu uliovikwa kwenye nati ya kutolea hewa. "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Nati inafunguliwa robo mzunguko, mapovu yanakimbia ndani ya mpira, mafuta ya rangi ya chai ya rangi yanafuata. "Nimeshika!" Nati inafungwa kwanza, ndipo mguu unaachiliwa; ukitangulia mguu, hewa inarudi ndani. Wakati huohuo tangi la juu halipaswi kukauka hata mara moja.

Kuna kosa moja linalotesa watu. Aliyefanya kazi kabla amefunga kalipa ya kushoto upande wa kulia, nati ikaelekea chini. Hewa hukaa juu siku zote, kwa hiyo hata ukipampu kutwa haitoki. Macho yaliyozoea huliona hilo kabla chupa haijashikwa.

Umeme umeongeza masharti. Betri ndogo ya volti 12 ikiwa dhaifu, kompyuta ya breki hulalamika. Magari mengi huhitaji mashine ya kusoma kompyuta ili vali za ABS zifunguke na kutoa hewa iliyojificha humo. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi bila kuzima mfumo na kuvaa glavu za raba zilizopimwa kuhimili volti 1,000. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inawapa mafundi wa jua kali mitihani ya ufundi, Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na hapo ndipo masomo ya umeme mkubwa yanapaswa kuwafikia, pamoja na njia ya gereji kadhaa kununua mashine moja kwa pamoja. Habari za povu, raba na nati iliyoelekea chini, mafundi hawa wanazo tayari.