Sikio na Kitabu

Zamani katika nchi yetu ya Mara habari za kale zilikaa vinywani mwa wazee. Mtoto alizisikia jioni penye moto, na mzee mmoja akikosea, mwenziwe alimsahihisha palepale. Siku hizi, kutoka Musoma hata Bunda, vijana husikiliza hadithi na historia kwa simu, na viko vitabu vinavyosomwa kwa sauti ili visikilizwe tu. Jambo hili ni jema kwa kipofu, kwa mama mwenye kazi mikononi, na kwa mzee ambaye macho yake yamechoka. Lakini simu haina mwenzi wa kuisahihisha. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: habari za misukosuko ya watu zikiingia kwa sikio peke yake, zatufanyia nini?

Tumechagua vitabu viwili vya karibu na kwetu, tukavisoma kwa sauti ili kuvipima.

Cha kwanza ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Bunda. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, nchi ilipokuwa ikigeuka, ili desturi za wazee zisipotee. Kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981. Ni habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya kutokuzaa. Machoni kitabu hiki huchosha: maamkio ni marefu, na kila kazi huelezwa hatua kwa hatua. Masikioni uchovu huo huondoka, maana ndivyo wazee wetu wa kando ya Ziwa wanavyozungumza. Hiki chafaa sana kusikilizwa.

Cha pili ni Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Tafsiri hiyo ilitolewa kwanza mwaka 1963, na Mwalimu akaisahihisha, ikatolewa tena mwaka 1969. Lugha yake ni nzito na yenye nguvu. Ila twaona kasoro mbili kwa msikilizaji. Mashairi yake hayana vina kama tenzi zetu, hata sikio huvitafuta lisivipate. Tena msomaji akiwa mmoja, ni vigumu kumjua asemaye. Heri wasomaji wawe wanne au watano.

Lakini mchezo huu wenyewe ndio unaojibu swali letu. Kaizari amekwisha kuuawa. Brutus anasimama mbele ya watu wa Roma, anaeleza sababu zake, nao wanamshangilia. Kisha anasimama Antony penye maiti. Anamtaja Brutus mara kwa mara kuwa mtu wa heshima, hata sifa ile inageuka kuwa dhihaka. Halafu anaonyesha hati ya wasia. Watu walewale, kwa muda mfupi, wanakimbia kuchoma nyumba. Wanamkamata mshairi Cinna na kumwua, kwa kosa la kuwa na jina moja na mmoja wa wauaji. Mwisho wake ni vita, hata uwanja wa Filipi, mji uleule alikohubiri Mtume Paulo baadaye. Wote walisikia vizuri; hakuna aliyeomba muda wa kuchunguza.

Nasi hatuko mbali na Roma. Sauti iliyonaswa, ikisimulia ni ukoo gani uliofika kwanza, au ni nani aliyenyang'anywa malisho, yaweza kupita nyumba mia kwa usiku mmoja na kuwasha ugomvi kati ya jirani na jirani, kabla hajaulizwa mzee hata mmoja.

Hatusemi watu waache kusikiliza. Paulo mwenyewe afundisha kwamba imani huja kwa kusikia. Lakini watu wa Beroya walisifiwa kwa kuwa walilipokea neno kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Basi, ndugu wasomaji, sikilizeni pamoja, si kila mtu na sikio lake. Simamisheni sauti, mwulizeni mzee aliye karibu, fungueni kitabu kama kipo. Mwalimu hakuona haya kuirudia kazi yake na kuisahihisha. Nasi tusione haya kuyarudia tuliyoyasikia.