Wanaoisoma Pesa

Wasomaji wa riwaya za Elvis Musiba wanamkumbuka Willy Gamba, mpelelezi anayevuka mipaka ya Afrika na kupambana na maadui uso kwa uso. Ningali nampenda. Ila mpelelezi ninayemheshimu kuliko wote hukaa mezani na orodha ya miamala, akitafuta ni nani aliyelipa nauli, kodi ya nyumba na simu za watu waliokuja kuua.

Ugumu wa kazi yake unaonekana wazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na hata Beni hupanga foleni ndefu hapa, na kando yake pesa haitulii. Wabadilishaji husimama barabarani na mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda. Dereva anatumiwa hela ya mafuta na tajiri wake. Mwenye mahindi kutoka upande wa Tororo anataka taslimu kabla gunia la mwisho halijashushwa. Wengi wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na ndugu pande zote za mpaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 ilimtaka anayevuka na dola 10,000 au zaidi azitangaze, lakini ugaidi mara nyingi huendeshwa kwa vijisenti: shilingi elfu ishirini leo, elfu arobaini keshokutwa. Kwa macho tu huwezi kuzitenga na pesa ya mahindi.

Kwa hiyo fundi wa kufuata pesa huanza kwa kuijua pesa halali. Laini ya mtu wa kawaida ina mazoea yake: hununua salio, hulipia umeme, Januari hutoa karo, mwisho wa mwezi humkumbuka mama kijijini. Laini inayopokea tu, kisha ikakaushwa ndani ya saa moja, siku baada ya siku, humfanya arudi kuitazama. Hata hapo hakurupuki. Huenda ni ya mchuuzi wa samaki wa Busia anayeishi kwa taslimu. Analinganisha saa, mnara wa simu, kitambulisho kilichosajili laini, na kumbukumbu za wakala. Uvumilivu huo ndio unaonivutia, maana kila hatua inaweza kuishia kwa mtu asiye na hatia, na fundi mzuri hufurahi inapoishia hapo.

Baada ya shambulio la kigaidi la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 15, 2019, lililoua watu 21, wapelelezi waliieleza mahakama kwamba mshukiwa mmoja alikuwa na akaunti 52 za uwakala wa M-Pesa, nyingi zikiwa zimesajiliwa katika miezi mitatu ya mwisho ya 2018. Fikiria wakala wa Malaba anavyohangaika kupata floti ya kibanda kimoja. Anayelijua hangaiko hilo ataistukia namba 52 papo hapo.

Asiyelijua hupiga rungu gizani. Aprili 2015, baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha. Familia zilizotegemea hela za ndugu zilikatiwa riziki hadi leseni ziliporudishwa Juni. Siwezi kuiita kazi hiyo ufuatiliaji.

Utumaji wa pesa kwa hawala ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu pesa haivuki. Mtu anakabidhi Nairobi, mwingine analipa Kampala au Beni, na kinachobaki ni deni kati ya wafanyabiashara wawili wanaoaminiana. Septemba 2018 Marekani ilimwekea vikwazo Mkenya mmoja, ikimtuhumu kujenga mtandao wa namna hiyo kwa ajili ya kundi la Dola la Kiislamu, na kusema kwamba mtandao huo ulihamisha zaidi ya dola 150,000. Hapo orodha ya miamala haitoshi. Anahitajika mtu aliyekaa sokoni kwa muda mrefu, anayejua nani humkopesha nani na kwa nini, na ambaye hakuna anayejua kazi yake ya pili. Maisha yake yako hatarini zaidi kuliko ya Gamba yeyote.

Pande zote mbili za mpaka zina ofisi za kazi hii, na zote hupimwa. Februari 23, 2024, FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, kiliiondoa Uganda katika orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na, katika kikao hichohicho, kikaiingiza Kenya.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni kizimba. Juni 2025 mahakama ya Kahawa iliwahukumu wanaume wawili kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwezesha shambulio la DusitD2. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka sita, na ushahidi ulikuwa umepitia maswali ya mawakili wa utetezi.