Mkate, Maiti na Faraja: Mvuto wa Riwaya Tulivu za Upelelezi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuipita riwaya ya upelelezi kwa haraka, wakiiita fasihi pendwa na kuwaachia vijana wa sekondari. Hata hivyo, liko tawi lake moja linalostahili kutazamwa kwa makini: riwaya tulivu, ambamo mji ni mdogo, mpelelezi si askari, damu haionyeshwi sana, na habari husikika dukani kwa mwoka mikate. Mfano unaojulikana ni Chocolate Chip Cookie Murder (2000) ya Mmarekani Joanne Fluke. Mhusika wake, Hannah Swensen, anauza biskuti katika mji wa kubuniwa wa Lake Eden, Minnesota. Mletaji maziwa anauawa nyuma ya duka lake, naye anamsaka muuaji huku akiendelea kuoka. Maelekezo ya kupika biskuti hizo yamo ndani ya riwaya yenyewe.

Wanaodai kwamba mvuto wote ni utamu wa keki hawajaisoma fani hii vizuri. Duka la mikate ni mbinu ya usimulizi. Kila mtu hufika hapo bila kuhitaji sababu. Mwoka mikate huamka kabla ya wengine na hutambua upesi nani amebadili mazoea yake. Umbea, ambao kwingine ni aibu, hapa hugeuka ushahidi.

Msomaji wa Kiswahili alikwisha kuyaona haya kwa Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inaonekana mzimuni. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anaacha habari za mizimu na kuuliza habari za wanadamu. Abdulla amelaumiwa kuwa alimwiga Conan Doyle. Lawama hiyo ni nusu ya kweli tu: Holmes hupeleleza katika jiji la wageni, ilhali Bwana Msa hupeleleza miongoni mwa watu wanaojuana hadi kwa bibi zao.

Swali huwa zito zaidi riwaya hizi zinaposomwa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, jiji ambalo wasomaji wake huweza kumpata Agatha Christie kwa Kifaransa, katika mfululizo wa Le Masque ulioanza mwaka 1927. Fani hii humwahidi msomaji mambo mawili: kwamba mwovu ni mmoja, na kwamba kujuana ni kinga. Lubumbashi imeona vingine. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha jiji hilo, na hata idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa. Mwaka 1992 na 1993 wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu katika mkoa ulioitwa Shaba wakati huo. Hapo kujuana hakukuwa kinga; kulitosha kuonyesha nani ni nani.

Je, basi, faraja hii ni uongo? Christie mwenyewe aliishuku: katika At Bertram's Hotel (1965), hoteli yenye chai na keki za kizamani ni maficho ya genge la wezi. Lakini kuna kitu ambacho shaka hiyo haikigusi. Katika Lake Eden mletaji maziwa, mtu asiye na cheo, anatafutiwa haki riwaya nzima, na anayemtafutia hachoki kuuliza. Mahali ambapo wafu hawajapata hesabu, jambo hilo si starehe ndogo.

Riwaya ya namna hiyo ya Lubumbashi isingekosa lugha. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika Power and Performance (1990), lilionyesha jukwaani kwamba Kiswahili cha jiji hilo, pamoja na Kifaransa chake kilichomezwa, huweza kubeba kicheko na shutuma kwa pamoja. Ugumu ungekuwa kwa mwoka mikate, ambaye kila asubuhi angewauzia mkate wale wale anaowashuku.